Kumekucha na Kuamkia: Sarufi ya Alfajiri na Mahali pa Mtembezi Mpweke katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza msamiati na sarufi ambayo Kiswahili hutumia kusemea saa za alfajiri, mwendo wa mtu aendaye peke yake saa hizo, na tafakuri inayofuatana na mwendo huo. Hoja kuu ni kwamba dhana ya matembezi ya upweke na tafakuri, ambayo aghalabu husemwa kuwa ngeni katika Kiswahili, ipo; ila haikai katika kitenzi kutembea, ambamo wengi wameitafuta. Inakaa katika vitenzi viwili vya kale, -cha na -amka, pamoja na minyambuliko yake. Data inatokana na matumizi ya kawaida ya mwambao na bara, na kwa kiasi kidogo na matini za kifasihi. Mifano ya mazungumzo imetungwa na mwandishi.

1. Utangulizi

Fasihi ya Ulaya na Marekani ina mapokeo mashuhuri ya mtu atembeaye peke yake ili afikiri. Kitabu cha mwisho cha Jean-Jacques Rousseau, kilichochapishwa 1782 baada ya kifo chake, kimegawanywa si kwa sura bali kwa matembezi, na matembezi hayo ni kumi. Insha ya Henry David Thoreau kuhusu kutembea, iliyotoka 1862, imekuwa kama katiba ya mapokeo hayo kwa wasomaji wa Kiingereza. Katika semina zetu za fasihi linganishi, mwanafunzi akisomeshwa matini hizi huuliza, na ni haki yake kuuliza: je, sisi tuna nini cha aina hiyo? Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba hatuna. Huelezwa kuwa Mswahili ni mtu wa baraza, si mtu wa njia. Kwamba hufikiri akiwa ameketi na wenzake. Kwamba upweke kwake ni msiba au ni dalili ya ugonjwa.

Jibu hilo lina chembe ya ukweli, na ndiyo sababu limedumu. Hata hivyo, limejengwa juu ya njia dhaifu ya utafiti: kuchukua neno la lugha nyingine, kutafuta kisawe chake katika kamusi, kisha kukagua kama kisawe hicho kinabeba mzigo uleule. Kisawe kilichokaguliwa ni kutembea. Nitaonyesha hapa chini kwamba kutembea kina matatizo yake mahususi, na kwamba anayetaka kuelewa jinsi Kiswahili kinavyomweka mtu njiani kabla ya jua kuchomoza yampasa aanze na vitenzi vinavyoeleza alfajiri yenyewe.

2. Tukio lisilo na mtenda

Tuanze na kumekucha. Umbo lake ni ku-me-ku-cha. Ku- ya kwanza ni kiambishi cha kiima cha ngeli ya mahali. -Me- ni kiambishi cha hali timilifu. Ku- ya pili ni ile inayobaki katika vitenzi vya silabi moja, kama katika amekula na amekunywa, ili mkazo wa neno upate pa kukaa. Mzizi ni -cha peke yake, nao hujitokeza bila mzigo huo katika kila kukicha, usemi ambao leo una maana ya daima au siku zote, ingawa kwa umbo lake unasema tu: kila inapopambazuka.

La kuzingatiwa ni kiima. Hakimrejelei mtu wala kitu. Kuna mahali, mahali popote alipo msemaji, na hapo pamefikiwa na mwanga. Twaweza kusema usiku umekucha, na katika matumizi ya zamani jua limekucha, lakini hatusemi *Juma amekucha. (Kuna -cha nyingine, ile ya mcha Mungu na uchaji, ambayo humkubali mtu awe kiima. Ni mzizi tofauti uliofanana na huu kwa mabadiliko ya sauti tu, na mwanafunzi ajihadhari asijenge falsafa juu ya sadfa hiyo.) Katika jambo hili Kiswahili hakiko peke yake. Kizulu husema kusile, kwa ku- ileile ya mahali. Kiganda hutumia ngeli ya bu-, na kutoka huko gazeti la Bukedde la Kampala limepata jina lake. Kinyarwanda husema bwakeye. Ngeli hutofautiana, yanayobaki palepale ni kwamba kupambazuka hakuna mtenda, na kwamba binadamu hawi kiima chake.

Binadamu huingia wapi basi? Huingia kama mtu anayepatwa na tukio. Kitenzi kuchelewa, tunachokitumia kila siku tukifikiria mabasi na mikutano, kimejengwa juu ya mzizi huuhuu wa -cha, kwa viambishi vya kauli ya kutendea na kutendwa. Aliyechelewa, kwa asili ya neno, ni mtu ambaye kumekucha juu yake kabla hajatimiza alilokusudia. Pacha wake ni kuchwelewa, yaani kukutwa njiani na machweo, ambao siku hizi umebaki katika kamusi na katika vinywa vya wazee. Muundo huu una ndugu wengi: aliyefiwa hakutenda kufa, aliyenyeshewa hakutenda kunyesha. Mtu yupo, tukio linapita, na kauli ya kutendwa inaandika alama ya tukio hilo juu yake. Kwa hiyo uhusiano wa kwanza wa Mswahili na alfajiri, kama sarufi inavyouonyesha, ni kwamba alfajiri humpata. Rousseau huamua kutoka. Msemaji wa Kiswahili hukuchelewa au huwahi.

Mpangilio wa saa unatilia nguvu jambo hili kwa namna ambayo wageni wa lugha huiona upesi kuliko sisi. Saa za Kiswahili huhesabiwa kuanzia kuchomoza na kutua kwa jua. Karibu na ikweta hesabu hiyo ni thabiti: Lamu, Mombasa na Unguja hazioni tofauti inayofika saa nzima kati ya siku ambayo jua hutoka mapema zaidi na siku ambayo hutoka kwa kuchelewa zaidi. Kwa hesabu hii, saa kumi alfajiri, saa kumi na moja na saa kumi na mbili ni mwisho wa hesabu ya usiku. Saa moja huanza baadaye, wakati mwanga umekwisha kutanda. Anayetembea saa kumi na moja na nusu anatembea katika saa zenye namba kubwa, saa za mwisho. Mapokeo ya Ulaya huiona alfajiri kama ukurasa mtupu. Kwa mwenye kuhesabu kwa Kiswahili, hapo ndipo hesabu inapofungwa. Nadhani tofauti hii inaeleza kwa nini tafakuri ya alfajiri katika fasihi yetu huelekea kuwa ya kujihesabia kuliko ya kuota.

Ndani ya saa hizo lugha ina migawanyo mingine ambayo nitaipitia kwa haraka. Kuna majogoo, la kwanza na la pili. Kuna alfajiri mbichi, ambapo kivumishi cha tunda lisiloiva na kuni zisizokauka kinaazimwa na wakati. Elimu ya fikihi, iliyoingia katika lugha ya wasomi wa mwambao, hutofautisha alfajiri ya uongo, ambayo weupe wake husimama wima mbinguni kisha hufifia, na alfajiri ya kweli, ambayo weupe wake hutanda kwa upana juu ya upeo wa macho. Daku na saumu hutegemea tofauti hiyo. Kisha huja mapambazuko, kipindi kifupi sana katika latitudo zetu, dakika ishirini na kidogo kati ya mwanga wa kutambua uso na jua lenyewe.

3. Kuamka na kuamkia

Kama -cha ni tukio la mahali, -amka ni itikio la mtu. Ni kitenzi cha hali, na mwenziwe wa kutendesha ni -amsha. Lakini kilicho muhimu zaidi kwetu ni umbo la kutendea, -amkia, ambalo lina matumizi matatu.

La kwanza ni kusalimu. Mtoto humwamkia mzee. Nomino zake ni maamkizi na maamkio. La pili ni la mwelekeo: aliamkia shambani, waliamkia bandarini. Maana yake ni kwamba mtu alipoamka hakufanya jingine, alishika njia moja kwa moja hadi hapo. La tatu ni la wakati: usiku wa kuamkia Ijumaa. Usemi huu, ambao hauishi magazetini, una kazi ya usuluhishi. Kwa hesabu ya Kiislamu siku huanza magharibi, na usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa. Kwa hesabu ya kiserikali mambo ni mengine. Kusema usiku wa kuamkia Ijumaa huondoa utata kwa kuutaja usiku kwa siku unayoielekea.

Matumizi haya matatu hayajagawanyika kama kamusi zinavyoyaonyesha. Yote yanasema jambo moja: kuamka kuna upande. Mtu haamki tu. Huamka kuelekea mtu, kuelekea mahali, au kuelekea siku. Kiswahili hakiko peke yake hapa pia. Kinyarwanda na Kirundi husalimu asubuhi kwa mwaramutse, na kutokana na kitenzi hichohicho hupatikana kuramutsa, kusalimu, na indamutso, salamu.

Msomaji mwangalifu atauliza kama hii si hoja ya etimolojia tu. Swali ni zuri. Thoreau mwenyewe katika insha niliyoitaja alijenga ukurasa mzima juu ya asili ya neno moja la Kiingereza la kutembea kwa utulivu, kwa nasaba ambayo wanaisimu hawaiamini sana, na hatuna haja ya kumfuata huko. Maana ya leo ya neno haithibitishwi na kaburi la babu yake. Ushahidi utoke katika matumizi. Nao upo: saa kumi na mbili kasorobo, mtu anapita njiani, amevaa, anatembea, ni dhahiri hayuko usingizini, jirani anamwuliza, "Umeamka?" Naye hujibu bila kushangaa, "Nimeamka, alhamdulillahi," au "Tumeamka salama." Swali hili si la kutafuta habari. Linamkamilisha. Kutoka kitandani alikwisha kutoka. Sasa ameamkiwa, na kuamka kwake kumepata shahidi.

Mambo haya huonekana vizuri zaidi mahali ambapo njia ni nyembamba. Katika mitaa ya kale ya Lamu, iliyojengwa kwa kipimo cha mtu na punda, haiwezekani watu wawili wapishane bila bega moja kujua habari za bega jingine. Alfajiri, kabla mwanga haujafika chini kati ya kuta za mawe ya matumbawe, mpita njia hutambulika kwa sauti na kwa mwendo kabla ya sura. Hapo salamu hutangulia uso. Anayekwenda au kurudi msikitini, anayepeleka mikate, anayetafuta upepo wa pwani, wote hupokea na kutoa. Lakini mtu akisikiliza urefu wa salamu hizo ataona kwamba ni fupi kuliko za saa tatu asubuhi. Habari za watoto, za wagonjwa na za biashara huahirishwa. Sauti hushushwa kwa ajili ya waliolala nyuma ya madirisha. Salamu ya alfajiri humgusa mtu na kumwachia njia yake, na kati ya salamu moja na nyingine kuna kipande cha kimya ambacho hakuna mtu anayedai haki juu yake. Hicho ndicho chumba cha faragha cha mtembezi wa mji wa Waswahili. Hakina ukuta, kina salamu kila upande.

Njia ya shamba ni habari nyingine. Huko maamkizi huwa machache na marefu, kwa kuwa mtu huonekana tangu mbali na kumpita kwa neno moja ni kama kumkimbia. Anayeamkia shambani hubeba jembe, na jembe humjibia maswali kabla hayajaulizwa. Tutaona umuhimu wa jembe hilo sasa hivi.

4. Kutembea na shaka zake

Turudi kwenye kitenzi ambacho watafiti walianza nacho. Kutembea kina maana pana mno na heshima ndogo. Kina maana ya kwenda kwa miguu, ya kuzuru (hivyo kutembelea), na ya kuwa na uhusiano wa siri na mtu asiye wako. Matembezi yanaweza kuwa ya starehe, na siku hizi pia ni maandamano ya amani ya kuunga mkono jambo fulani. Mtembezi, katika masikio mengi, ni mtu asiyetulia nyumbani. Mama akisema bintiye "amekuwa mtembezi" hasifu afya yake. Pembeni mwa neno hili wamesimama jamaa wasiotakiwa: kuranda, kurandaranda, kutangatanga, kuzurura.

Kuzurura si neno la kejeli tu. Uzururaji ni kosa katika sheria za jinai zilizorithiwa kutoka ukoloni, na Tanzania Bara ilipotunga Sheria ya Nguvukazi mwaka 1983, watu waliokutwa mijini bila kazi inayotambulika walikusanywa na kupelekwa mashambani. Kizazi kilichoshuhudia hayo kilijifunza kwamba mtu anayetembea bila kitu mkononi na bila jina la aendako anaweza kutakiwa ajieleze, na si kwa jirani tu. Mhakiki anayeshangaa kwa nini hakuna wasifu mwingi wa mtembezi asiye na shughuli katika nathari ya Kiswahili ya karne ya 20 hana budi aiweke historia hii mezani kabla ya kuzungumzia tabia ya taifa.

Ndiyo maana swali linalofuata salamu lina uzito. Tazama mazungumzo haya:

– Shikamoo, babu.
– Marahaba, mjukuu wangu. Umeamkaje?
– Salama tu.
– Wapi asubuhi yote hii?
– Natembea tu, babu. Nanyoosha miguu.
– Haya, nenda salama.

Swali "Wapi asubuhi yote hii?" linadai kituo cha mwisho. Mwenye jembe, mwenye ndoo, mwenye nyavu haulizwi, au huulizwa kwa adabu tu. Asiye na kitu hujibu kwa tu. Kielezi hiki kidogo kimeandikiwa machache kuliko kinavyostahili. Katika "salama tu" kinapunguza: hakuna jipya, usijali. Katika "natembea tu" kinafanya zaidi ya kupunguza, kinafunga. Msemaji anakiri kwamba hana kituo, anaomba jambo hilo lisihesabiwe kosa, na anaweka mpaka ambao muulizaji mwenye malezi hauvuki. Babu anajibu "Haya," naye amekwisha kutoa ruhusa. Mtu akijibu "Natembea" pasipo tu, jibu linasikika kama ukaidi, na swali la pili litafuata bila shaka: "Unatembea kwenda wapi?"

Kunyoosha miguu na kupunga upepo ni visingizio vya zamani vya jamii hiyohiyo. Vyote viwili vinauelekeza mwendo kwenye mwili ili uache kuonekana kuwa wa nafsi. Katika miji mikubwa kisingizio kipya kimevishinda: mazoezi. Katika ufuko wa Coco wa Dar es Salaam, saa kumi na mbili, mtu aliyevaa raba hupita kando ya mwenzake bila neno wala hakuna anayeona ameteta naye. "Nafanya mazoezi" haihitaji tu. Daktari, serikali na redio zimeshaidhinisha. Sijui kama wote waliovaa raba wanafanya mazoezi; ninachoweza kusema ni kwamba neno hilo limewapa watu wa mjini leseni ya kuwa peke yao hadharani, ambayo kutembea halikuwahi kuitoa. Kilomita chache kutoka hapo, katika soko la samaki la Feri, Magogoni, saa hizohizo ni za mnada, na hakuna faragha ya aina yoyote. Lakini hata pale anayesubiri mashua akitazama mlango wa bandari haulizwi anawaza nini, kwa sababu anasubiri. Kusubiri nako ni jembe.

5. Kuzunguka ndani ya wazo

Msamiati wa tafakuri wenyewe una mwendo ndani yake. Kutafakari na kufikiri ni mizizi ya Kiarabu na yamesimama kidogo, kama maneno ya darasani. Kuzingatia kuna mambo zaidi. Ukikichanganua kimofolojia unapata -zing-, mzizi wa kuzunguka na kuviringisha unaoonekana pia katika kuzingira. Kisha -at-, kiambishi cha mgusano na mshikamano kilichomo katika kukumbata, kufumbata na kukamata. Kisha kauli ya kutendea. Anayezingatia jambo amelizunguka bila kuliachia. Kuwaza na kuwazua ni jozi ya aina nyingine: kiambishi cha kutendua kimeongezwa juu ya wazo kama kinavyoongezwa juu ya kufunga na kufungua, na usemi mzima wakuwaza na kuwazua huonyesha akili inayokwenda na kurudi katika njia moja. Zaidi ya hapo, vitenzi vya kupata mwanga wa akili hushirikiana umbo na vitenzi vya kupambazuka: kupambazuka, kuzinduka, kuerevuka, kutanzuka, kufunuka. Vyote vina -uk-, alama ya hali inayotokea yenyewe. Jambo hutanzuka kama mbingu. Hatusemi kwamba mtu amelipambazua wazo, wazo humpambazukia.

6. Moyo na magofu

Kama hoja hii ina nguvu, itatusaidia kuisoma upya matini ambayo tayari tunaijua. Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, kwa kawaida husomwa kama utenzi wa mawaidha, na ni sawa. Lakini tuuangalie muundo wake wa usemaji. Mshairi hahutubii hadhira. Anauhutubia moyo wake mwenyewe, anaukemea, anaubembeleza, kisha anauonyesha mahali. Mahali hapo ni Pate, nyumba za matajiri zilizokuwa na taa na mapambo, ambazo sasa zimekuwa magofu. Vidaka vilivyopangwa vyombo vya kaure vimekuwa malazi ya makinda ya ndege. Mtu mmoja, katika nafsi mbili, anapita katika mji usio na wa kumwamkia. Ukikumbuka tulichosema kuhusu maamkizi, utaona kwamba ukiwa wa Pate katika utenzi huu ni ukiwa wa salamu pia: wanaotajwa ni wale waliokuwa wakipokeana barazani, na kimya kilichobaki si kile kipande cha kimya cha Lamu kati ya salamu mbili. Ni kimya kisicho na salamu upande wowote.

Jina la utenzi linaongeza jambo. Mzizi wake wa Kiarabu, k-sh-f, una maana ya kufunua, lakini umbo inkishaf ni lile ambalo halina mtenda: si kufunua, ni kufunuka. Wahakiki wamebishana kuhusu nini kinachofunuka, nafsi au dunia. Kwa mtazamo wa makala haya, umbo lenyewe linatosha kutuzuia tusitafute mfunuaji. Liko jirani kisarufi na kupambazuka. Utenzi hauhitaji kututajia saa ili tuuweke katika ukoo wa alfajiri. Hesabu inafungwa ndani yake, kama katika saa kumi na moja.

Zaidi ya karne moja na nusu baadaye mkondo huu unaibuka mahali pasipotarajiwa. Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990) imejadiliwa zaidi kwa falsafa yake na kwa deni lake kwa fikra za Ulaya. Msimulizi wake ni mtu aliye safarini peke yake, anayeingia mahali palipohamwa na kukutana na wachache wanaosema kwa mafumbo. Deni la Ulaya lipo. Hata hivyo msomaji aliyelelewa na Inkishafi hamwoni msimulizi huyu kuwa mgeni. Kutembea katika mji usiokujibu ni balaa ambayo fasihi yetu iliijua kabla ya riwaya, na tofauti kubwa kati ya msimulizi huyo na mtembezi wa Rousseau iko hapa: Rousseau hutoka mjini ili asisalimiwe, naye hufurahi, msimulizi wa Nagona angefurahi angesalimiwa.

Shaaban Robert amesimama kando na wote hawa. Utubora, katika riwaya yenye jina lake iliyochapishwa 1968, anaacha kazi ya mjini na kwenda kulima. Upweke wake umehalalishwa kwa jembe, na mwandishi, kwa maoni yangu, alifahamu barabara alichokuwa akifanya. Alitaka kumpa mtu mwenye fikra nafasi ya kuwa na fikra zake bila jamii kumwita mzururaji, na njia iliyokuwa wazi ilikuwa kumfanya aamkie shambani.

7. Tatizo la mfasiri

Kwa kumalizia upande wa matumizi, tuchukue sentensi ya kawaida ya mapokeo ya Magharibi: mtu anasimulia kwamba asubuhi moja alitoka akatembea peke yake kando ya bahari, akafikiri. Tafsiri ya kwanza inayokuja mkononi ni "Asubuhi moja nilitembea peke yangu ufukweni nikafikiri." Haina kosa la sarufi. Lakini "peke yangu" inamfanya msomaji ajiulize wenzake wako wapi, "nilitembea" inaomba kituo cha mwisho, na "nikafikiri" inafuata kama shughuli ya pili, utadhani alimaliza kutembea kwanza. Msomaji anahisi kuna habari mbaya imefichwa.

Linganisha na hii: "Kulipokucha niliamkia ufukweni, nikawa nawaza na kuwazua." Upweke haujatajwa, wala hauhitajiki, mtu aliyeamkia mahali hajapitia kwa mtu. Kituo kimo ndani ya kitenzi. Alfajiri imetokea yenyewe, naye ameitikia. Fikra inakwenda sambamba na miguu. Kinachopotea ni kile ambacho Rousseau alikithamini kuliko vyote, yaani uamuzi wa kutoka kwenda kusikojulikana, na mfasiri anayekitaka atalazimika kukilipia kwa sentensi nyingine. Anaweza kuongeza mvuvi anayepita, amuulize msimulizi "Wapi asubuhi yote hii?", na kumwacha ajibu kwa neno moja tu la ziada. Baadhi ya walimu wa tafsiri watasema huko ni kuongeza kisichokuwemo katika matini asilia. Mimi naona mvuvi huyo alikuwemo tangu mwanzo. Matini asilia haikulazimika kumtaja, kwa kuwa katika lugha yake mtu anaweza kufika baharini saa kumi na mbili bila kuulizwa.